Maktaba ipo, ninaiona kwa macho yangu, lakini wrf.exe inadai haipo: tatizo liko wapi?

#1 mtabiri_wa_mvua
Wakuu, habari za jioni. Ninafanya utafiti wa uzamili kuhusu mvua za msimu katika nyanda za kati za Tanzania, na kwa kazi hiyo ninatumia modeli ya hali ya hewa ya WRF (real.exe huandaa data, wrf.exe huendesha utabiri) katika seva mbili zilizounganishwa, ambazo nilizirithi kutoka kwa mwanafunzi aliyehitimu na kuondoka. Zilikuwa na Ubuntu 20.04. Hivi karibuni zilipandishwa hadi 22.04, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Nikiingia katika seva ya kwanza na kuendesha real.exe kwa mkono, kazi inakwenda hadi mwisho bila kasoro. Nikiendesha wrf.exe kwa mpirun, amri inayogawa kazi, juu ya seva zote mbili, inakufa papo hapo na kuacha ujumbe huu:

`./wrf.exe: error while loading shared libraries: libnetcdff.so.7: cannot open shared object file: No such file or directory`

Ajabu ni kwamba nikitazama ndani ya /opt/netcdf/lib, libnetcdff.so.7 ninaiona, na njia hiyo nimeiandika katika .bashrc, faili la mipangilio linalosomwa terminali ikifunguliwa. Nikiipangia cron, kipanga ratiba cha mfumo, iianze kazi usiku, inagoma vilevile. Kuna na ujumbe mwingine unaojitokeza kila nikifungua terminali, unaosema kuwa libtinfo.so.6 haina taarifa za toleo, lakini huo naamini hauhusiani na tatizo hili. Naomba kuwasilisha.

#2 FundiKlasta
Karibu, mkuu. Hiyo "ipo" inabidi tuulize ni ipo kwa nani. Aliyeiona ni wewe, ukiwa umeingia katika seva ya kwanza kwa jina lako na ukiwa na mazingira yako yote. Anayelalamika ni kipakiaji, yaani ile ld.so inayotangulia kabla programu yenyewe haijaanza, na huenda analalamika akiwa katika seva ya pili, ambako mazingira hayo hayajamfikia.

Kipakiaji hakizunguki diski nzima kutafuta maktaba. Kinaanza na njia ya RPATH iliyochongwa ndani ya faili la programu, ikiwa hakuna RUNPATH, ndugu yake mpya. Kisha kinapita katika folda zilizotajwa na kigezo cha mazingira LD_LIBRARY_PATH, kisha RUNPATH, kisha orodha ya /etc/ld.so.cache ambayo hutengenezwa na ldconfig, na mwishowe folda za kawaida kama /lib na /usr/lib. Ikiwa /opt/netcdf/lib haimo katika mojawapo ya hizo, hata faili likijaa folda nzima, jibu litakuwa ni hilohilo.

Sasa, .bashrc ya Ubuntu ina mistari michache pale juu inayoamuru kwamba kama hakuna mtu mbele ya terminali, usomaji uishie hapo. Wengi wetu huandika export zetu (mistari ya kuweka vigezo kama hicho) chini kabisa ya faili, kwa hiyo ssh ya mpirun inapofika seva ya pili haifikii mistari yako. Cron ndiyo kabisa, haigusi .bashrc. Kama mpirun yako ni ya Open MPI, ongeza `-x LD_LIBRARY_PATH` katika amri, kisha utupe majibu.

#3 BintiMwambao
Naunga mkono #2. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuendesha `ssh seva2 "echo $LD_LIBRARY_PATH"` na kuona kinachorudi. Kikirudi kitupu, umempata mwizi wako.

#4 Msomi_Kilindi
Dada yangu BintiMwambao, ukitumia alama hizo mbili za kunukuu, hakuna mwizi atakayekamatwa. Gamba (shell) la seva ya kwanza litaibadilisha $LD_LIBRARY_PATH kuwa thamani yake kabla amri haijaondoka, kwa hiyo mtabiri ataona njia nzuri kabisa, ambayo ni ya seva aliyokaa, na atatuambia kwamba kila kitu ki shwari. Inabidi itumike alama moja moja: `ssh seva2 'echo $LD_LIBRARY_PATH'`. Tofauti hiyo ndogo imewahi kumpotezea muda mwingi mtu ninayemfahamu, naye alikuwa na hakika kuliko sisi sote hapa.

#5 BintiMwambao
Sahihi kabisa, Msomi. Asante.

#6 Kijana_wa_Terminali
Mnazunguka mno. Mimi nikikutana na ujumbe wa namna hiyo natafuta maktaba yoyote yenye jina linalokaribiana, natengeneza kiungo kwa `ln -s`, maisha yanaendelea. Nilikuwa na programu ya zamani iliyodai libgfortran.so.3, nikaielekeza kwenye libgfortran.so.5.

#7 MzeeFortran
Kijana, na maisha yaliendelea kweli? Libgfortran.so.3 ilikuwa ya kompaila ya GCC hadi toleo la 6, toleo la 7 likaja na .so.4, na kuanzia la 8 tunatumia .so.5. Namba hiyo haikubadilishwa kwa ajili ya urembo. Ilibadilishwa kwa sababu mpangilio wa ndani haulingani tena. Ukiunganisha kwa nguvu, ujumbe wa "haipo" utaondoka na mahali pake utapata mwingine unaosema kuwa toleo la GFORTRAN_1.4 halikupatikana, kwa sababu .so.5 imebeba alama za GFORTRAN_8 na kuendelea. Na hapo uwe na shukrani kwamba maktaba hii inakagua alama zake. Zipo maktaba ambazo hazina ukaguzi huo, zikapokea kiungo chako kwa heshima zote na kukupa namba za uongo, ukazipeleka kwenye jarida.

#8 Kijana_wa_Terminali
Shikamoo mzee. Kusema kweli baadaye niliikompaili upya.

#9 MzeeFortran
Marahaba. Ungeanza na hilo.

#10 mtabiri_wa_mvua
Nashukuru kwa michango. Nimefuata maelekezo ya #4, na kilichorudi ni mstari mtupu. Kisha nikaongeza `-x LD_LIBRARY_PATH` kama alivyoelekeza FundiKlasta. Ujumbe umebadilika, lakini kazi bado haiendi:

`./wrf.exe: error while loading shared libraries: libnetcdf.so.15: cannot open shared object file: No such file or directory`

Huenda ni muhimu nikaongeza kwamba folda ya kazi ndiyo pekee inayoshirikiwa na seva zote mbili kupitia NFS, yaani kwa mtandao. Folda ya /opt/netcdf nilikuta imo katika seva ya kwanza tu, kwa hiyo niliihamishia seva ya pili kwa flashi.

#11 Msomi_Kilindi
Hesabu herufi f. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na f mbili, huu una moja. Libnetcdff ni maktaba ya Fortran ya NetCDF, muundo wa kuhifadhi data za hali ya hewa, na tangu NetCDF 4.2 inasambazwa peke yake. Libnetcdf ni ile ya C ambayo libnetcdff huiegemea. Kwa maana hiyo maelezo ya #2 yalikuwa sahihi kwa kosa la kwanza, na hili ni kosa jipya.

Ubuntu 20.04 ilikuja na libnetcdf.so.15, na 22.04 imekuja na libnetcdf.so.19. Kwa maoni yangu, aliyekutangulia alikompaili sehemu ya Fortran tu na kuiweka /opt, na ile ya C akaichukua kutoka kwenye mfumo wenyewe. Mfumo ulipopandishwa, .so.15 ikaondoka nao. Hakuna LD_LIBRARY_PATH itakayoleta faili lililofutwa.

#12 SautiYaFlashi
Mimi bado sijaridhika, na kilichonistua ni hiyo flashi. Flashi nyingi zina muundo wa FAT32 au exFAT, na miundo hiyo haiwezi kubeba viungo vya Linux. Libnetcdff.so.7 kwa kawaida ni kiungo tu, kinachoelekeza kwenye faili halisi lenye jina refu zaidi kama libnetcdff.so.7.0.0. Ukinakili folda hadi kwenye flashi, viungo vinabaki nyuma na mafaili marefu yanakwenda, ilhali kipakiaji kinatafuta jina lile fupi kama lilivyoandikwa ndani ya programu. Ingia seva ya pili uangalie kwa `ls -l`. Kama viungo havipo, `ldconfig -n /opt/netcdf/lib` itavitengeneza upya kwa kusoma jina lililo ndani ya kila maktaba. Safari nyingine funga folda nzima kwa tar kwanza, ndipo uipandishe kwenye flashi.

#13 Kijana_wa_Terminali
Kwa hiyo `ln -s` imerudi kwa mlango wa nyuma, mzee?

#14 MzeeFortran
Kiungo kinachotengenezwa na ldconfig kinafuata jina ambalo maktaba yenyewe imejitangazia. Cha kwako kilifuata matumaini.

#15 Mpenda_Ramani
Ninaongeza dhana nyingine. Je, inawezekana kwamba folda ya NFS imepachikwa kwa noexec (marufuku ya kuendesha programu) katika seva ya pili? Kwetu maktaba zilikuwa zikionekana vizuri lakini haziwezi kupakiwa.

#16 FundiKlasta
Inawezekana, lakini ujumbe wake ungekuwa tofauti. Folda ikiwa na noexec, kipakiaji hulipata faili, hulifungua, kisha hushindwa kuliweka katika kumbukumbu kama msimbo, na hapo husema "failed to map segment from shared object". Vivyo hivyo, ukichanganya maktaba ya biti 32 na programu ya biti 64, utaambiwa "wrong ELF class". Isitoshe, wrf.exe yenyewe imo katika folda hiyo ya NFS na imeanza, maana kipakiaji kimefika hadi kutaja maktaba. Ningeiweka dhana ya noexec pembeni.

#17 Mswahili_Ughaibuni
Salamu kutoka Ujerumani, ninakotunza klasta ya chuo. Naona wote mnahangaika na LD_LIBRARY_PATH, nami nakiona kigezo hicho kuwa chanzo cha nusu ya matatizo ya aina hii. Huku kwetu programu hujengwa na Spack, zana ya kujenga programu, ambayo huchonga njia za maktaba ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo mtumiaji hahitaji kuandika export yoyote na cron haina cha kusahau.

Hata hivyo kuna mtego mmoja ambao huenda ndio unaomsumbua mtabiri. Ukitumia `-Wl,-rpath` katika Ubuntu, kinachochongwa ni RUNPATH, wala si RPATH ya zamani. RUNPATH ya wrf.exe hutumika kutafuta zile tu ambazo wrf.exe imezitaja yenyewe. Haitumiki kutafuta zile ambazo libnetcdff inazihitaji kwa upande wake. Ndiyo maana mtu hufaulu hatua ya kwanza na kukwama ya pili, jambo linalofanana sana na yaliyotokea kati ya #1 na #10. Dawa ni kuongeza `-Wl,--disable-new-dtags` wakati wa kuunganisha, au kutumia `patchelf --force-rpath --set-rpath` kwenye faili lililokwisha kutengenezwa.

#18 Msomi_Kilindi
Maelezo ya RUNPATH ni sahihi, ila sidhani kama yanahusika hapa. WRF inapojengwa kwa kawaida huunganishwa na netcdff na netcdf zote mbili, kwa hiyo libnetcdf inatajwa na wrf.exe moja kwa moja. Isitoshe, seva ya kwanza na ya pili zinasoma faili lilelile la wrf.exe kupitia NFS. Kama kosa lingekuwa limechongwa ndani yake, real.exe iliyojengwa pamoja nayo ingegoma pia katika seva ya kwanza.

#19 Mswahili_Ughaibuni
Inategemea ilivyounganishwa. Linka ya Ubuntu huondoa kutoka kwenye orodha maktaba ambayo programu haikuitumia moja kwa moja, kwa sababu ya `--as-needed`. Modeli ya Fortran inaita netcdff, na huenda haigusi ile ya C hata mara moja. Bila kuona matokeo ya `readelf -d wrf.exe`, yaani orodha ya maktaba ilizozitaja, mimi na wewe tunabahatisha sote.

#20 Bi_Takwimu
Wapendwa, kisa changu si cha WRF lakini kinaunga mkono #11. Baada ya kompyuta yangu kupandishwa kutoka 20.04 hadi 22.04, kifurushi cha stringi katika R kiligoma kikidai libicui18n.so.66, kwa sababu mfumo mpya una ICU 70. Vifurushi vya ramani navyo vikadai libgdal.so.26 wakati mfumo mpya una .so.30. Vifurushi nilivyojisakinishia vilibaki vilevile katika folda yangu, ilhali maktaba vilivyozitegemea zilikwenda na mfumo wa zamani. Nilivisakinisha upya kimoja kimoja hadi vyote vikatulia. Tahadhari ni kwamba `update.packages()` pekee haitoshi, kwa kuwa inaangalia namba ya toleo la kifurushi na kuona hakuna kipya.

#21 Mtu_wa_Windows
Sisi huku tunasoma tu. Python yetu tangu toleo la 3.8 imeacha kuangalia PATH inapotafuta DLL, na tangu hapo tumekuwa watu wa `os.add_dll_directory`. Msituonee.

#22 FundiKlasta
Hakuna anayekuonea, mkuu, kila nyumba na kipakiaji chake. Tumrudie mtabiri. Kuna swali ambalo halijajibiwa tangu mwanzo: kama Msomi yuko sahihi kwamba .so.15 ilifutwa, real.exe inaipata wapi katika seva ya kwanza? Tafadhali endesha amri hii huko:

`LD_DEBUG=libs ./real.exe 2>&1 | grep libnetcdf`

Kipakiaji kitakutajia kila mahali kinapogonga mlango, na mlango uliofunguka. Nimependelea hii kuliko ldd kwa sababu inaonyesha na milango iliyokataa.

#23 BintiMwambao
Kabla hajajibu, mimi nakisia. Mtabiri alitutajia katika #1 ujumbe wa libtinfo.so.6 kutokuwa na taarifa za toleo, akasema hauhusiani. Ujumbe huo mara nyingi huonekana pale bash ya mfumo inapopakia libtinfo ya conda (mfumo wa kusakinisha vifurushi) badala ya yake. Na bash haiwezi kufika huko isipokuwa mtu ameiweka folda ya lib ya conda ndani ya LD_LIBRARY_PATH.

#24 Kijana_wa_Terminali
Conda hufanya hivyo yenyewe ukiiamsha, si lazima mtu awe ameiweka.

#25 BintiMwambao
Hapana, conda haigusi LD_LIBRARY_PATH unapoiamsha. Vifurushi vyake vina njia zilizochongwa ndani, zinazopimwa kuanzia mahali faili lilipo. Mtu aliiandika kwa mkono, na naomba .bashrc ikaguliwe.

#26 mtabiri_wa_mvua
Nimefuata #22. Sehemu inayohusika ni hii, nimeficha jina la mtumiaji:

`find library=libnetcdf.so.15 [0]; searching`
`trying file=/opt/netcdf/lib/libnetcdf.so.15`
`trying file=/home/…/miniconda3/lib/libnetcdf.so.15`

Inaishia hapo, na ninaelewa kwamba huo wa mwisho ndio mlango uliofunguka. Katika .bashrc kuna mstari ulioandikwa na aliyenitangulia unaoingiza miniconda3/lib, kama alivyokisia dada BintiMwambao. Seva ya pili haina miniconda kabisa. Je, ninaweza kuinakili libnetcdf.so.15 kutoka conda na kuiweka seva ya pili, kazi ikaisha?

#27 MzeeFortran
Usifanye hivyo. Libnetcdf ya conda itaita maktaba ya HDF5 ya conda, hiyo itaita nyingine, na utajikuta umehamisha nusu ya miniconda kipande kwa kipande. Na HDF5 ina mlinzi wake: ikikuta imepakiwa tofauti na toleo ambalo msimbo ulikompailiwa nalo, inasimamisha programu. Watu hulizima onyo hilo kwa HDF5_DISABLE_VERSION_CHECK, nami sijui wanapata wapi ujasiri huo. Kompaili upya NetCDF zote mbili, kisha WRF, kwa kompaila moja, juu ya 22.04. Ni kazi ya mchana mmoja ukiwa na umeme.

#28 Mswahili_Ughaibuni
Nakubaliana na mzee kuhusu kutonakili, ila sikubaliani kwamba kukompaili upya ni lazima sasa hivi, kwa mtu aliye katikati ya utafiti. Nusu ya majaribio yake ilifanyika juu ya 20.04. Angetengeneza kontena ya Apptainer, yaani mazingira yaliyofungwa pamoja, yenye 20.04 na maktaba zake, akaimalizia kazi humo, na huo mpito akaufanya baada ya kuwasilisha tasnifu. Seva zote mbili zingeona mazingira yaleyale.

#29 MzeeFortran
Na mpirun ya nje ya kontena itaelewana na MPI (maktaba ya mawasiliano ya michakato) ya ndani? Hujamwambia hilo. Zisipoelewana, kila mchakato utajiona uko peke yake, na katika kumbukumbu za WRF utaona "starting wrf task 0 of 1" ikijirudia mara nyingi kama ilivyo idadi ya michakato.

#30 Mswahili_Ughaibuni
Ni kweli, hilo linahitaji uangalifu. Jina la faili nalo halisaidii, maana libmpi.so.12 ni ya MPICH, aina nyingine ya MPI, na pia ilikuwa ya Open MPI 1.10, wala haziwezi kubadilishana. Mtabiri, tuwekee `mpirun --version` na `which mpirun`. Kama nayo inatoka miniconda, tuna mazungumzo mengine.

#31 SautiYaFlashi
Naona flashi yangu imesahauliwa. Hakuna aliyeonyesha kwamba /opt/netcdf ya seva ya pili ni sawa na ya kwanza.

#32 FundiKlasta
Hujasahaulika. Kosa la pili linaonyesha kwamba libnetcdff.so.7 ilipatikana mahali fulani katika seva ya pili, lakini halionyeshi kuwa ni ipi. Mtabiri, kabla hujafuta mstari wa conda wala kukompaili chochote, endesha hizi katika kila seva, ukiwa umeingia humo moja kwa moja, na utubandikie majibu yote manne:

`readelf -d /opt/netcdf/lib/libnetcdff.so.7 | grep -E 'NEEDED|PATH'`
`md5sum /opt/netcdf/lib/libnetcdff.so.7`

Namba za md5sum (alama ya utambulisho wa faili) zisipofanana, tunarudi #12. Zikifanana, na libnetcdf.so.15 ikatajwa humo ndani, Msomi na Mswahili wataendelea pale walipoachia #19, na hapo nitahitaji `readelf -d wrf.exe` pia.